Muulize Fundi: Gari ni lako, akaunti ni ya nani?

Mwezi uliopita niliandika kuhusu kuchaji gari wakati wa mvua, na katikati nikachomeka sentensi moja kwamba magari mengi ya umeme yana laini ya simu ndani yake. Mvua hakuna aliyeiulizia tena. Barua karibu zote zimeikamata ile laini: nani anapiga, nani anapokea, na je, mwizi naye anayo namba? Basi mwezi huu tunaongea hayo tu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi umeme wa magari, Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa 31 huu. Nilianza kwa kusuka waya za dainamo na staata pembeni ya marehemu baba. Kompyuta za magari nimejifunza mwenyewe, na nyingine nimezichoma katika kujifunza. Majina ya wenye barua nimeyaacha, na barua ndefu nimezipunguza.

SWALI: Mwanangu fundi, salaam. Nina miaka 71, ni mstaafu. Watoto wameniletea Nissan Leaf ya 2014 kutoka Japani. Redio inaongea Kijapani, na nikibonyeza sehemu ya simu yanatokea majina ya watu nisiowajua. Mjukuu amenionyesha video ya watu wakilizima gari kwa mbali likiwa barabara kuu. Je, huyo Mjapani aliyeliuza anaweza kunizimia gari hapa nyumbani? (Mstaafu, Mbezi Beach)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hawezi. Lakini mjukuu naye hakukudanganya, amechanganya tu visa viwili.

Video aliyokuonyesha nadhani ni ile ya Marekani ya Julai 2015. Wataalamu wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walikaa nyumbani na kompyuta zao wakaingia ndani ya Jeep Cherokee iliyokuwa barabara kuu huko St. Louis. Aliyekuwa kwenye usukani ni mwandishi wa habari, Andy Greenberg, naye alikuwa amekubali kufanyiwa hivyo. Wakaanza na kiyoyozi, wakaja kwenye redio, wakawasha waipa, mwisho wakakata nguvu za gia, gari likabaki linajikokota na malori yako nyuma. Baada ya hapo kampuni iliita magari milioni 1.4 yarekebishwe, na wenye magari wakatumiwa fleshi kwa posta wachomeke wenyewe. Sasa angalia jambo moja, mzee: ile Jeep ilikuwa ya mafuta. Umeme haukuhusika kabisa. Redio yake ilikuwa na laini ya simu, na kutoka kwenye redio kulikuwa na njia ya kufika kwenye gia na breki. Mlango wa uani uliachwa wazi, wageni wakaingia hadi jikoni.

Leaf ina kisa chake chenyewe. Februari 2016, Troy Hunt, mtaalamu wa Australia, pamoja na Scott Helme wa Uingereza aliyekuwa na Leaf yake, walieleza kwamba ile programu ya simu ya kuongozea gari haikuwa ikiuliza neno la siri. Iliuliza namba ya chasisi ya gari peke yake, ile inayosomeka kwenye kioo cha mbele na kila mpita njia. Chukua mita yako ya LUKU. Mtu akiijua namba yake anaweza kukununulia umeme, na hapo unamshukuru. Sasa fikiri kwamba kwa namba hiyohiyo angeweza kukuzimia feni usiku na kusoma umetumia yuniti ngapi siku gani. Ndivyo ilivyokuwa. Hunt akiwa Australia aliliwashia gari la Helme vifaa vya kupasha joto likiwa limeegeshwa Uingereza, na safari zake za nyuma akazisoma. Kufungua milango au kuliendesha hakuweza. Kibaya zaidi, namba za magari zilipishana tarakimu tano za mwisho, kwa hiyo mtu mwenye nafasi angeweza kubahatisha gari moja baada ya jingine. Hunt aliwaarifu Nissan Januari, akasubiri kama mwezi, ndipo akaandika hadharani. Nissan wakaizima huduma kwanza ili wairekebishe.

Turudi kwako. Kile kisanduku cha mawasiliano kilicho ndani ya Leaf yako kilisajiliwa kwa mtandao wa simu wa Japani na kwa mkataba wa mwenye gari wa huko. Huku Dar kimekuwa bubu. Hata ramani yake haijui kwamba Afrika ipo. Mimi nimeshaona ikinionyesha kwamba gari limesimama katikati ya bahari, nami niko juu ya tope la Gerezani. Kwa hiyo akitokea kijana akakwambia umpe laki moja na nusu akutolee "kidude cha Wajapani wanachokusikilizia", mwambie fundi wako amekukataza.

Kilichobaki ni vitu vya yule bwana vilivyosahaulika ndani. Majina uliyoyaona ni ya simu yake. Ukiingia kwenye ramani utakuta pia neno "jitaku", maana yake nyumbani kwake, na ukibonyeza gari litakupangia njia hadi mlangoni pa mtu ambaye hakujua kwamba amekuuzia na anuani yake. Chukua simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera, ielekeze kwenye skrini, utafute sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, ufute vyote. Na siku utakapoliuza wewe, fanya hivyohivyo mbele ya mnunuzi. Watu wanakumbuka kutoa mwavuli na stika ya bima, majina ya wajukuu wote na namba zao wanayaacha kwenye redio.

Mzee, kuna kitu kimoja hukukiuliza, nami ndicho kinachonisumbua zaidi. Wenye Leaf wengi hununua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kupimia chini ya usukani, kinachoongea na simu kwa Bluetooth, ili wasome afya ya betri kwa programu kama LeafSpy. Ni kitu kizuri, nami ninacho. Lakini vile vya bei poa vinafunguka kwa 1234 au 0000, na lile tundu halikuwekwa kwa kusoma tu, linapokea na amri. Pima, kisha kichomoe ukiweke kwenye droo. Usilale nacho kimechomekwa.

Na vijiti 12 vya betri kwenye dashibodi, usiviamini peke yake. Ubongo wa betri unaweza kufutwa kumbukumbu ukaonyesha vijiti vyote kama gari jipya, halafu baada ya wiki kadhaa za kutembea vinaanza kudondoka kimojakimoja, na dalali hapokei simu tena. Chaji ijae, nenda Bagamoyo, rudi. Kinachobaki ukifika nyumbani ndiyo betri yako.

SWALI: Mama Fundi, habari ya Dar. Mimi niko Nairobi. Nilichukua gari ya umeme kwa yadi fulani, nalipa polepole kila mwezi. Waliweka traka. Mwezi jana kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi hapo, akafutwa, alinipigia akasema nimtumie elfu tano ama gari haitawaka. Nikadhani ni mzaha. Asubuhi ikakataa kuwaka. Nikatuma pesa, ikawaka. Fundi wa kwetu anasema betri kubwa imeanza kufa. Huu ni udukuzi ama ni wizi tu? (Baba Wawili, Umoja)

JIBU: Ni wizi, baba. Neno udukuzi litampa kijana heshima asiyoistahili, hakuvunja kitu. Aliondoka kazini na neno la siri kichwani, na hakuna aliyelibadilisha.

Betri yako kubwa mwache fundi asiiguse. Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayosukuma magurudumu. Ile ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa kupita. Ukikata waya mmoja mwembamba upande wa ile ndogo, gari lenye chaji asilimia mia linakuwa kabati. Mafundi wa traka wanalijua hilo, wanaweka rilei pale, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na rilei inasubiri amri kutoka kwenye seva, kompyuta ya wenye traka. Mwenye akaunti anabonyeza, wewe asubuhi unalaumu betri. Na mwambie huyo fundi wako, kwa mapenzi tu, waya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti. Asizipekue kwa kubahatisha.

Traka zenyewe wala si ngome. Julai 2022 kampuni ya usalama ya BitSight ilitoa ripoti ya traka moja ya Kichina, MiCODUS MV720, inayouzwa kama dola 20. Kiwanda hicho kilikuwa na vifaa milioni 1.5 katika nchi 169. Walikuta matundu sita ya usalama, na mojawapo lilimruhusu mtu baki kutuma amri kama vile yeye ndiye mwenyewe, ikiwemo ya kukata mafuta. Neno la siri la kutoka kiwandani lilikuwa 123456, na wengi hawakuambiwa kwamba linabadilishwa. Sijui yadi yako imefunga traka ya aina gani, na kwa kisa chako haina haja kujua. 123456 inafungua nyingi.

Ufanye hivi. Usitume shilingi nyingine. Meseji ya M-Pesa ya ile elfu tano itunze kama cheti cha kuzaliwa, pamoja na namba iliyokupigia, kaandikishe polisi. Kisha iandikie yadi barua, wala si kupiga simu, uwaulize mambo matatu: ni watu gani wana akaunti ya traka hii leo, nani ana ruhusa ya kukata gari langu na kwa sababu gani, na ni lini mmebadilisha neno la siri. Wao wanashika habari za wewe kuwa wapi saa ngapi, na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 wanawajibika nazo. Wakikunyamazia, peleka nakala kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uking'oa traka mwenyewe kabla deni halijaisha utawapa wao kesi badala ya wewe kuwa nayo, kwa hiyo iache. Ila dai kwamba iwekwe ikate gari likiwa limesimama tu. Rilei ikikata ukiwa Thika Road saa mbili asubuhi, deni la gari litakuwa dogo kuliko mengine.

Utakapomaliza kulipa, usipokee ufunguo na logbuku peke yake. Mwaka 2017 bingwa mmoja wa usalama wa IBM, Charles Henderson, alieleza kwamba gari alilokuwa ameliuza miaka kadhaa nyuma bado lilimtii kwenye simu yake: aliweza kujua liko wapi na kulifungua milango. Na yeye alikuwa amefuta vitu vyake kabla ya kuliuza. Vilivyokuwa ndani ya gari vilifutika, ila kule kwenye seva bado jina lake liliandikwa kuwa ndiye mwenye gari. Kwa hiyo siku ya mwisho kaa na mtu wa yadi mezani, simu yako na yake, na usiondoke mpaka kwake gari limepotea na kwako limetokea.

SWALI: Dada yangu fundi, mume wangu alininunulia gari jipya la umeme na kadi kaandika jina langu, nikafurahi. Programu ya gari aliifunga yeye kwenye simu yake, na yangu akaniunganisha baadaye. Sasa nikienda kwa mama Temeke ananiuliza saa tatu zote nilikuwa nafanya nini. Chaji iliyobaki anaijua kabla yangu. Juzi nimeegesha kwa rafiki yangu Kinondoni, gari likapiga honi lenyewe mara tatu. Nikatoka mbio. Akanipigia akicheka. Anasema ni kwa usalama wangu. Namtoaje? (Sitaji jina)

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma jioni, nikaisoma tena asubuhi kabla ya kufungua gereji.

Kumtoa ni kazi ya dakika kumi. Ndiyo maana nakuomba usiifanye leo. Ukimwondoa, simu yake itamwambia palepale, naye atakuwa nyumbani au njiani kuja. Kwanza jibu mwenyewe swali moja, bila kunijibu mimi: akikasirika, huwa anafanya nini? Kama jibu ni kwamba ananuna na kukataa kula, sawa, soma aya inayofuata. Kama jibu ni jingine, acha gari kabisa kwa sasa, mwambie mama yako au huyo rafiki wa Kinondoni, na ujue kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambalo kazi yake ni hiyo. Ukienda huko, nenda kwa daladala. Gari liache nyumbani au sokoni, kwa sababu litasema ulipokwenda.

Sasa habari ya akaunti. Karibu magari yote haya yana mtumiaji mkuu mmoja, na wengine ni wageni wake. Mume wako alijisajili kuwa mkuu, wewe ukawa mgeni kwenye gari lako mwenyewe. Mgeni hawezi kumfukuza mwenyeji. Lakini kadi ina jina lako, na hiyo ndiyo silaha yako: nenda kwa waliokuuzia na kadi ya gari na kitambulisho, uombe umiliki wa akaunti uhamishiwe kwenye namba yako na barua pepe ambayo yeye haijui neno lake la siri. Wanayo njia ya kufanya hivyo kwa sababu magari huuzwa kila siku. Wakikuambia "mlete mume", waulize ni wapi kwenye kadi wameona jina la mume. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Kutajwa kwake tu mezani huwa kunaharakisha kalamu.

Watu husema, lakini ni mahali tu, gari liko wapi, kuna ubaya gani? Desemba 2024 jarida la Der Spiegel la Ujerumani, kwa msaada wa wataalamu wa Chaos Computer Club, lilieleza kwamba taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya Volkswagen, Audi, Seat na Skoda zilikuwa zimeachwa wazi kwenye hifadhi ya mtandaoni na kampuni tanzu ya Volkswagen yenyewe. Kwa magari kama 460,000 mahali palijulikana kwa usahihi mkubwa, mengine hadi sentimita kumi. Sentimita kumi, dada, hiyo si tena "yuko Kinondoni", hiyo ni ameegesha chini ya mti upi. Ukipanga vituo hivyo kwa wiki tatu unajua mtu anasali wapi, anatibiwa wapi, na nani amemzoea. Mwenye gari anaweza asimwambie mtu yeyote, gari limeshasema.

Mwanangu wa kiume naye aliwahi kunifungia traka kwenye Noah yangu, akaniambia, "Mama, mji umeharibika." Nilimwambia aifunge na kwenye pikipiki yake, nami nipewe neno la siri. Ilitoka jioni ileile. Mume wako naye mwulize, siku ukiona ni salama kumwuliza: mbona honi ilipigwa akiwa anacheka?

SWALI: Shikamoo mama. Naendesha bajaji, fundi wa mtaani aliitoa injini akaniwekea mota na betri ya lithiamu. Inakwenda vizuri mji mzima, ila nikifika kijiweni kwetu inazima yenyewe. Nikiisukuma hadi barabara ya pili inawaka. Wenzangu wanasema nimefanyiwa kitu. Nimeshatoa elfu arobaini kwa mtaalamu. (Dereva, Mwananyamala)

JIBU: Marahaba mwanangu. Elfu arobaini hairudi, lakini jini lako nalijua. Lina simu ya Android na linakaa benchi moja na wewe.

Ndani ya hiyo betri kuna bodi ndogo, ndiyo ubongo wake. Inapima kila seli na kukata umeme kukitokea hatari. Bodi nyingi za bei nafuu zinakuja na Bluetooth, na programu yake ipo bure. Nyingine hazina neno la siri kabisa, nyingine zina lile lile la kiwandani kwa ulimwengu mzima. Mtu akiwa mita chache kutoka kwako anafungua programu, anaona jina la betri yako, anagusa kitufe cha kuzuia umeme usitoke, bajaji inazima. Ukiisukuma, naye akachoka kucheka akakirudisha kitufe kabla hujatoka kwenye masafa, inawaka. Nimelipata hili kwenye bajaji mbili mwaka huu, na ya kwanza ilinila siku nzima nikikagua soketi.

Pakua programu ya bodi yako, badilisha neno la siri na jina lake (lisiwe jina lako). Kama bodi haikubali neno la siri, angalia kama Bluetooth yake ni kile kijipande kinachoning'inia kwa waya. Kichomoe, kitie mfukoni, bajaji itatembea bila hicho. Fundi wako asije akakushauri "tuiruke bodi, tuunganishe moja kwa moja". Betri ya lithiamu isiyo na ubongo ikizidiwa chaji inawaka moto ambao ndoo ya maji ya kijiweni haiuwezi, nawe unaichaji chumba unacholala.

Mwenzako mwenye mzaha usimpige. Msomee tu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na haikubagua bajaji.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo Arusha. Hawa wanaogundua matundu kwenye magari, mbona hawafungwi? Nami natamani kazi hiyo. (Mwanafunzi)

JIBU: Marahaba. Hawafungwi kwa sababu wanachezea magari yao au ya waliowaruhusu, wanawaeleza wenye kiwanda kimya kimya, wanasubiri tundu lizibwe, ndipo wanaandika.

Chukua kisa cha Kia wa Marekani, 2024. Sam Curry na wenzake watatu waligundua kwamba tovuti ya mawakala wa kuuza magari ilimkubali yeyote aliyejisajili mwenyewe kuwa wakala. Ni kama wewe uingie mtandaoni leo, uandike "mimi ni wakala wa M-Pesa", upewe laini ya uwakala palepale. Kwa namba ya pleti peke yake, na kama nusu dakika, wangeweza kupata jina na simu ya mwenye gari, kujiongeza kuwa watumiaji bila yeye kuona, kisha kulifungua gari, kuliwasha, au kujua lilipo. Waliripoti Juni, tundu likazibwa Agosti, wakaandika Septemba. Ona walivyoingia: hawakugusa hata nati moja ya gari. Tundu lilikuwa ofisini.

Na kazi hiyo inalipa. Mwaka 2019 huko Vancouver, kwenye mashindano yanayoitwa Pwn2Own, Amat Cama na Richard Zhu waliivunja programu ya kuvinjari mtandao ndani ya Tesla Model 3, wakapewa dola 35,000 na gari lenyewe wakaondoka nalo. Wewe anza na redio ya gari bovu kutoka gereji. Njoo Gerezani likizo nikupe moja, nauli juu yako. Gari la jirani usiliguse hata kama umeliona liko wazi.

SWALI: Assalaam alaykum bi fundi. Mimi Mzanzibari, naishi Coventry. Nilipiga picha ule mraba wa QR kwenye chaja ya maegesho, nikaweka namba za kadi, chaji haikuanza, na kesho yake pauni 60 zimekwenda. (Mzee wa Coventry)

JIBU: Wa alaykum salaam. Pole sana. Ulibandikiwa stika juu ya stika. Ipigie benki leo waizuie kadi, na chaja nyingine pitisha ukucha kwenye ukingo wa ule mraba; ukibanduka, si wao. Bora zaidi, kwenu huko Uingereza chaja mpya za hadharani za kilowati 8 na zaidi zinatakiwa tangu Novemba 2024 kupokea kadi kwa kugusa tu, basi gusa kadi na QR uiache. Skrini ya chaja nayo si mtume: Aprili 2022, kisiwani Isle of Wight, chaja za halmashauri zilianza kuonyesha picha za ngono mahali palipotakiwa kuwa na tovuti ya huduma. 

SWALI: Fundi, Corolla yangu ni ya 1998. Inaweza kudukuliwa? (Bwana Sina Haraka, Morogoro)

JIBU: Yako inafunguliwa kwa rula na kuwashwa kwa bisibisi. Weka swichi ya siri chini ya kiti, na usimwonyeshe shemeji.